Makumbusho ya Misumari

Nchi yenyewe tusiitaje jina, ina masikio marefu. Ni nchi nzuri tu: ina bendera, ina wimbo, ina mlima kwenye noti zake, na wananchi wake ni wasikivu kupita kiasi, hasa wakiambiwa wakae kimya. Mtu akiingia kwa miguu kutokea mashariki, mji wa kwanza kukutana nao ni Kisangwe, na jengo la kwanza ni lile lililokuwa ghala la pamba, enzi pamba ilipokuwa na bei. Juu ya mlango pameandikwa kwa rangi ya buluu: MAKUMBUSHO YA HISTORIA NA SANAA, MJI WA KISANGWE. Chini yake: USITEME MATE.

Humo ndimo alimokuwa akifanya kazi Stambuli Mwegio. Cheo chake kilikuwa Kaimu Mhifadhi Msaidizi wa Muda. Alikipata akiwa na nywele kichwani. Nywele zikaisha, muda haukuisha. Kazi yake ilikuwa kufungua mlango, kufuta vumbi, kufunga mlango, na kuwaambia watoto wa shule wasiguse.

Sasa, nchi ile ilikuwa na Wizara ya Kumbukumbu na Shamrashamra, na Wizara ilikuwa imeamua kwamba makumbusho yawe karibu na jamii. Kuwa karibu na jamii maana yake sherehe. Kisangwe wakaitikia. Wakaanzisha Siku ya Ngoma, wakaanzisha Wiki ya Mikeka, wakaanzisha Tamasha la Mkuki wa Babu. Watu walikuja, walikula wali, walicheza, waliona vitu vya wazee wao, wakafurahi. Hakuna ubaya hapo. Ila sherehe ya nchi ile haiwi sherehe bila mgeni rasmi, na mgeni rasmi haondoki mikono mitupu. Hakuna sheria iliyosema hivyo. Lilikuwa jambo zito kuliko sheria.

Fungu la zawadi halikuwapo. Makumbusho yalikuwa na nini? Yalikuwa na vitu.

Basi Siku ya Ngoma ndiyo iliyoondoka na ngoma. Wiki ya Mikeka ikaondoka na mikeka yote, mpaka ule uliosukwa kwa harusi ya chifu wa mwisho. Tamasha la Mkuki wa Babu mnajua wenyewe liliondoka na nini. Kila kitu kilipoondoka, Stambuli alibaki na msumari ukutani na kibao chini yake, na kwa kuwa hakuruhusiwa kung'oa mali ya serikali, aliviacha. Aliongeza maneno mawili tu juu ya kila kibao: HAPA PALIKUWA. Hapa palikuwa ngoma ya vita. Hapa palikuwa kigoda cha mganga.

Mkaguzi wa Wizara alipokuja, alipita polepole mbele ya misumari, mikono nyuma, akitikisa kichwa.

"Kwingine kote ninakokwenda nakuta vitu," alisema. "Mtu anaona kitu, anaondoka. Hapa mtu analazimika kukumbuka! Haya ndiyo makumbusho."

Akawapa cheti, na cheti hicho kikatundikwa kwenye msumari wa mkuki.

Mwenyekiti wa Kamati ya Sherehe alikuwa Kalumanga, mwenye mashine ya kusaga nafaka, mtu mnene mwenye vumbi la unga kwenye nyusi. Stambuli aliwahi kumnong'oneza kwamba vitu vinakwisha.

"Sikiliza, Kaimu," Kalumanga alimjibu. "Kitu kikikaa hapa kinaonwa na watu wa Kisangwe, na wao wameshakiona. Kikienda kwa mkubwa kinaonwa na mkubwa. Kipi bora?"

Stambuli alikuwa na jibu. Ila lilikuwa la muda, kama yeye.

*

Mwisho wa yote vikabaki vitu viwili. Kimoja kilikuwa kinu cha chuma cha kukamulia miwa, ambacho hakibebeki. Cha pili kilikuwa picha ya Bi Nunu.

Bi Nunu alikuwa muuza vitumbua wa pale sokoni, mwanamke wa makamo yaliyopita. Mwanawe, Kombo, alikuwa mchora vibao vya maduka. Rangi zilizobaki kwenye vibao alizichorea mambo yake, na siku moja alikata kipande cha turubai la lori, akamchora mama yake akigeuza vitumbua asubuhi. Baadaye Kombo alianguka kutoka juu ya ngazi akiandika kauli mbiu ya Wiki ya Usalama Kazini kwenye ukuta wa ofisi ya mji, akafa. Hakuwahi kupigwa picha hata moja. Yeye ndiye aliyekuwa akichora wenzake.

Nyumba ya Bi Nunu ilikuwa inavuja, kwa hiyo aliyaazimisha makumbusho ile picha. Kila Ijumaa, vitumbua vikiisha, alikuja na beseni lake tupu, akaketi kwenye benchi, akaitazama.

"Shikamoo, mama," Stambuli humwambia.

"Marahaba, baba. Umeamkaje? Na huyu ameamkaje?" Halafu anageukia ukuta. "Hujambo, Kombo?"

Zamani Stambuli aliwahi kumuuliza: mbona unamwamkia Kombo, na aliyemo kwenye picha ni wewe?

"Mle ndani nimo mimi," Bi Nunu alisema, "lakini anayenitazama ni nani? Nani mwingine aliyewahi kunitazama vile mie, na masizi yangu usoni? Nikikaa hapa, macho yake yako hapa nilipokaa. Umeelewa?"

Stambuli aliitikia ameelewa, akaendelea kufuta vumbi.

*

Ikafika siku ya Tamasha la Urithi Wetu Uko Mikononi Mwetu. Mgeni rasmi alikuwa Waziri. Waziri akawakilishwa na Naibu wake, Naibu akawakilishwa na Mkuu wa Kanda, Mheshimiwa Lukindo, na Mheshimiwa Lukindo, kwa kuwa safari hii hakupata wa kumtuma kama kawaida yake, akaja mwenyewe.

Zawadi safari hii ilikuwa mbuzi. Kamati ilikuwa imemchangia mbuzi mzuri, dume, mweupe. Lakini kamati ilikaa kikao kirefu kujadili namna ya kumtunza yule mbuzi, na kikao kirefu kina njaa.

Mshereheshaji alikuwa ameshawapasha watu viganja moto. Katika nchi ile makofi yanafundishwa: mtu akinyamaza kidogo tu kwenye kipaza sauti, unapiga. Mheshimiwa Lukindo akasimama.

"Itifaki imezingatiwa," alisema. Makofi. "Ndugu wananchi, historia ni kitu cha zamani." Makofi. "Na cha zamani kimepita." Makofi. "Kwa hiyo serikali yenu sikivu haitaruhusu historia itokee tena kiholela, bila kibali, bila utaratibu!" Makofi ya kilo, na vigelegele kutoka upande wa kina mama.

Nyuma ya jukwaa Kalumanga alikuwa amemkamata Stambuli mkono.

"Toa kitu."

"Kitu gani, mwenyekiti? Kimebaki kinu cha miwa."

"Na ile picha?"

"Ile ya watu. Ya Bi Nunu, imeazimwa."

"Kwani ngoma ilikuwa yako? Kila kitu humu ni cha watu."

"Aliichora mwanawe. Marehemu."

"Basi afadhali, hatakuja kudai." Kalumanga akasogeza mdomo sikioni. "Kaimu, mheshimiwa ameniuliza jina lako. Mkubwa akiuliza jina la mtu, mtu huyo ama amekwisha, ama amethibitishwa kazini. Uamuzi wako."

Stambuli aliingia ndani. Alijiambia anakwenda kuitazama tu. Alijiambia hivyo mpaka alipokuwa juu ya kiti, na mpaka alipoitungua kwenye msumari, na hata alipokuwa akiifunga kwa karatasi yenye picha za kengele na puto, bado alikuwa anajiambia. Akafunga utepe. Akautengeneza ule utepe ua zuri, maana mikono yake ilikuwa na mazoea.

Mheshimiwa Lukindo aliipokea kwa mikono miwili, kwa niaba ya Naibu, kwa niaba ya Waziri. Watu wakapiga makofi. Bi Nunu naye, kule nyuma kwenye foleni ya wali, akapiga makofi, hakujua ni nini.

Wiki ile haikwisha, Stambuli akathibitishwa. Ukaondoka Ukaimu, ukaondoka Usaidizi, ukaondoka Muda. Akaletewa kiti kinachozunguka. Alikikalia, akazunguka mara moja, akajikuta ameelekea ule msumari, akazunguka tena upesi.

*

Ijumaa Bi Nunu akaja. Akaweka beseni chini, akaketi, akainua uso. Ukuta.

"Baba, Kombo yuko wapi?"

Stambuli alikuwa amejiandaa kusema kweli. Alikuwa ameisema kweli yote usiku mzima, kwa mkewe, na mkewe alimwambia aendelee hivyohivyo. Lakini kinywa kilipofunguka kilitoka hiki:

"Imepelekwa kuoshwa, mama. Wizara. Wanaziosha picha zote."

"Ah!" Bi Nunu akafurahi. "Ilikuwa na moshi, kweli. Serikali imetukumbuka."

Ijumaa iliyofuata alikuja na kipande cha sabuni ya mche, amekifunga kwenye gazeti.

"Wapelekee hiki. Usije ukasikia wametumia zile za unga, zinachubua. Kombo alitumia rangi za mabati, baba, hazitaki makeke. Na waambie wasiianike juani."

Stambuli aliipokea ile sabuni. Akaiweka kwenye saraka ya meza yake mpya. Siku nzima chumba kikanuka sabuni, akafungua madirisha yote, na bado.

Ijumaa nyingine akaulizwa kama imekauka. Akasema kuna mawingu huko makao makuu.

Huwezi kusema Stambuli alikuwa mtu mbaya. Mtu mbaya angelala. Yeye alikonda, akaacha kula vitumbua, akawa akizungukia nyuma ya machinjio ili asipite sokoni. Mwishowe akaomba ruhusa ya kwenda kwenye msiba, na msiba wenyewe hakuusema ni wa nani, akapanda lori la mkaa kwenda makao makuu ya Kanda.

*

Nyumbani kwa Mheshimiwa Lukindo alipokewa na mke wa mheshimiwa, mama mmoja mchangamfu, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Stambuli alimweleza kwamba kuna zawadi ilitolewa kwa makosa kidogo, kama anaweza kuitazama.

"Zawadi? Karibu, baba, chagua mlima," alisema yule mama, akamfungulia stoo.

Ilikuwa stoo tatu zilizovunjwa kuta zikawa moja. Zawadi zilipangwa hadi darini, zote zimefungwa, tepe zote ziko mahali pake. Panya walikuwa wamejipitishia njia.

"Hamzifungui, mama?"

"Tuzifungue tuone nini? Tukizifungua tutajua kilichomo, na tukijua itabidi tushukuru. Mheshimiwa anapewa hivi kila wiki. Mwaka juzi tulifungua moja, tukakuta mkungu wa ndizi. Yaani uliokuwa mkungu wa ndizi."

Stambuli akatembea kati ya mafurushi, na ingawa yote yalivaa karatasi za kengele na puto, aliyatambua kwa maumbo yake. Lile refu lililoegemea pembeni lilikuwa mkuki. Lile la duara lenye kiuno lilikuwa ngoma. Aliligonga kidogo kwa kidole, likamjibu. Historia yote ya Kisangwe ilikuwa mle ndani, imeandikwa HONGERA.

Picha haikuwapo. Mheshimiwa mwenyewe aliporudi alimkuta ameketi juu ya furushi la mikeka.

"Oo, Bwana Misumari!" alisema Mheshimiwa Lukindo. "Ile picha? Niliipokea kwa niaba ya Naibu, Naibu kwa niaba ya Waziri. Waziri akawa na miadi na Rais, mtu hawezi kwenda kwa Rais mikono mitupu. Na Rais akatembelewa na Rais wa nchi jirani. Sasa nawe fikiri."

"Akampa?"

"Akampa! Jirani aliifungua palepale, wale hawana adabu. Akaipenda. Imetundikwa Ikulu kwao, watu wanapanga foleni."

"Mheshimiwa," Stambuli alisema, na sauti ilikuwa kama si yake, "ile ilikuwa ya mtu. Iliazimwa. Mwenyewe anaingoja."

Mheshimiwa Lukindo akamwekea mkono begani kwa upole mkubwa.

"Sasa ni ya mataifa mawili. Ukiidai unatangaza vita. Wewe unataka vita, Mhifadhi?"

Stambuli akasema hataki. Akapewa chai, na alipoondoka yule mama mwenye nyumba alimpa zawadi, imefungwa.

*

Huku nyuma mambo yakakua. Magazeti ya nchi jirani yakamsifu sana yule mama wa kwenye picha, na nchi yetu ile isiyo na jina ikaona haya kusifiwa kitu ambacho haikijui. Ikatangaza kwamba mama yule ni Mama wa Taifa, na kwamba serikali ilikuwa ikimfahamu siku zote. Kisha ikatuma watu kumtafuta ni nani.

Kalumanga ndiye aliyemtaja, akapata mashine ya pili ya kusaga.

Ikapangwa sherehe kubwa kuliko zote, palepale makumbusho, na mgeni rasmi awe Bi Nunu mwenyewe. Kabla ya siku hiyo Stambuli alikwenda kwake jioni, ameamua. Alimkuta anapiga pasi dera jipya.

"Mama, nina neno."

"Najua, baba, wameshaniambia! Imerudi. Wamesema siku hiyo nitafunua kitambaa nimwone. Ulinifichia, ee, ulitaka nishtukie mwenyewe?" Akacheka, akampigapiga begani. "Una siri wewe! Mungu akuweke."

Stambuli akasema amina. Akatoka, akakaa kwenye ukingo wa mtaro mpaka mbu walipomfukuza.

Siku ikafika. Jukwaa, maturubai, brasi bendi ya polisi. Mheshimiwa Lukindo alikuwepo, safari hii akiwakilisha watu wengi mno kutajwa. Bi Nunu alikaribishwa kwenye ukuta, ambako juu ya ule msumari kilining'inia kitambaa cha hariri. Akakivuta.

Kiwanda cha Uchapaji cha Serikali kilikuwa kimechapa nakala kutokana na picha ya gazetini, na kilikuwa kimerekebisha. Mwanamke wa mle ndani alikuwa kijana, mwembamba, meno yote yamo, kanga yake ina rangi za bendera. Hakuwa na masizi hata chembe. Alikuwa anatazama mbele, kwenye maendeleo, na kitumbua mkononi kama jua.

Bi Nunu alisogea. Akasogea tena. Akarudi nyuma hadi kwenye benchi lake, akaketi pale anapoketi siku zote, akatazama kutoka pale.

"Huyu nani?"

"Ni wewe, mama!" alipaza mshereheshaji. Makofi.

"Mie nijitazame mie? Kombo hayupo humu." Akageuka, akamtafuta Stambuli kati ya suti. "Stambuli, mwanangu. Wamemwosha na nini?"

Hapo Stambuli akakinyakua kipaza sauti.

"Haikuoshwa, mama! Niliitoa mimi. Niliitungua kwa mikono hii, nikaifunga utepe, nikampa mheshimiwa, nikapata cheo. Nimekudanganya kila Ijumaa."

Akanyamaza kuvuta pumzi. Ndilo kosa lake. Watu waliposikia kimya kwenye kipaza sauti, wakapiga makofi.

"Mhifadhi wetu! Mchapakazi!" mshereheshaji alidakia.

"Mimi ni mwizi!" Stambuli alipiga kelele.

Vigelegele. Bendi ikapiga. Mheshimiwa Lukindo akasimama, akampa mkono mbele ya kamera, akasema viongozi wanyenyekevu namna hii ndio taifa linaowataka, na Stambuli, mkono wake ukitikiswa, alimwona Bi Nunu peke yake katika umati ule mikono yake imetulia mapajani. Peke yake ndiye aliyesikia.

"Na sasa," mshereheshaji akasema, "tupokee maagizo ya mgeni rasmi."

Maofisa wote wakatoa kalamu. Maana katika nchi ile, anachosema mgeni rasmi jukwaani ni agizo, na agizo linatekelezwa. Mmoja aliwahi kukohoa jukwaani, wakajenga zahanati.

Bi Nunu hakupanda jukwaani. Aliletewa kipaza sauti pale kwenye benchi, akakishika kama anavyoshika upawa.

"Huyu alikuwa akimfuta vumbi kila siku," alisema. "Basi kila Ijumaa akae nami hapa, aniambie picha ilivyokuwa. Yote. Mpaka nimwone."

Wakaandika. Wakapiga makofi.

*

Agizo likatekelezwa, tena kwa bidii. Ikaundwa kamati. Ile picha ya Kiwanda cha Uchapaji ikatunguliwa, akapewa mgeni aliyekuja kukagua maandalizi. Benchi likapakwa rangi, na Mkaguzi wa Wizara akaletewa kiti pembeni ili ashuhudie.

Ijumaa ya kwanza Bi Nunu akaweka beseni chini. Stambuli akamwamkia. Aliitikia, kwa kuwa salamu haina kosa, lakini lile "baba" hakuliweka. Hata ukutani hakumwamkia mtu.

"Haya," alisema.

Stambuli akautazama msumari. Aliujua ule msumari, umepinda kidogo kushoto. Aliijua fremu: pembe ya chini ilikuwa na tundu la dumuzi, na juu palikuwa na mkwaruzo. Alikuwa ameipitishia kitambaa miaka na miaka.

"Ulikuwa... umekaa," alianza.

"Juu ya nini?"

"Kigoda. Au ndoo."

"Jiko liko upande gani?"

Stambuli akafumba macho. Akaiona fremu. Akauona utepe alioufunga, ua lake na mikia yake miwili, waziwazi kabisa. Ndani ya fremu hakuona kitu.

"Kulia," alisema.

"Na kanga yangu?"

"Ya kijani."

Bi Nunu akageuza uso. Alitazama ukutani, kisha akatazama mikono yake, kisha ukutani tena.

"Si ya njano?" aliuliza.

"Labda ya njano, mama."

"Mie nilikuwa na hakika ya njano." Akashika paji la uso. "Sasa umesema kijani, naiona kijani. Na jiko umelipeleka kulia, nalo limekwenda."

Mkaguzi akaandika: Utekelezaji, asilimia mia.

"Mama, ninyamaze?" Stambuli aliuliza. "Bora ninyamaze."

Bi Nunu akamkamata mkono, akaung'ang'ania, kama mtu anayezuia kitu kisimwagike.

"Anza tena," alisema. "Polepole. Na usiseme usichokiona."

Stambuli akafungua kinywa, akakaa hivyo.